Sikio Ndilo Hakimu: Kuchagua Kigeuzi cha Sauti Nyumbani



Katika nyumba zetu leo ni nadra kukosa kijana mwenye hedifoni masikioni, na mzee wake akinung'unika ya kuwa mtoto haitiki akiitwa. Jambo hilo limekwisha kuwa la kawaida, wala sikukusudia kulishtaki hapa. Ninalokusudia ni kusema juu ya kidude kimoja kidogo ambacho vijana wapendao usikivu mwema wameanza kukitaka kwa wazee wao, na ambacho bei yake yaweza kuwa ya kilo chache za sukari, au ikawa ya ng'ombe mzima. Kwenye sanduku lake huandikwa herufi tatu, DAC. Mimi nitakiita kigeuzi cha sauti, kwa kuwa kazi yake ni kugeuza. Jambo hili tumelipima nyumbani kwangu kwa masikio ya jamaa zangu, nami naona si vyema kulinyamazia, kwani ndani yake mna fedha ya nyumba na mna masikio ya watoto.

Yafaa kwanza tukifahamu kidude chenyewe. Sauti ni mtetemo wa hewa. Zamani santuri na kanda ziliuhifadhi mtetemo huo kwa mfano wake: mfereji wa santuri hupinda kama sauti ilivyopinda. Siku hizi sauti huhifadhiwa kwa hesabu. Chombo huupima mtetemo mara nyingi mno katika kila sekunde, kikaandika kila kipimo kwa tarakimu, na tarakimu hizo ndizo zilizomo katika simu na kompyuta zetu. Lakini sikio halisikii tarakimu. Lazima pawepo cha kuzirudisha ziwe umeme unaopanda na kushuka, kisha umeme huo uitikise hedifoni, nayo hedifoni iitikise hewa. Hicho chenye kurudisha ndicho kigeuzi.

Basi ijulikane ya kuwa hakuna simu ya siku hizi itoayo sauti, wala kompyuta, isiyokuwa na kigeuzi chake. Hata hedifoni zisizo na waya zina kigeuzi na kikuza sauti ndani yake zenyewe, na kwa hiyo mwenye hizo akinunua kigeuzi cha kuweka mezani amenunua pambo tu, maana sauti haitapita humo. Mwenye kwenda dukani kutafuta kigeuzi aghalabu hanunui kitu asichokuwa nacho. Anunua cha pili, akitumai kuwa ni bora kuliko cha kwanza. Swali lililobaki ni moja: je, ubora huo ni wa kiasi ambacho sikio litautambua?

Kwetu sisi swali hilo lilikuja kwa njia hii. Marehemu baba yangu alikuwa akisomesha darsa barazani baada ya sala ya alasiri, na katika miaka ya 1980 jamaa mmoja alizoea kuja na redio kaseti akayanasa maneno yake. Zimesalia kanda 14. Mama yangu, ambaye sasa umri wake umepita miaka 80, ndiye aliyezitunza katika sanduku lake la nguo. Mwanangu mkubwa, asomaye chuoni Dar es Salaam, alipokuja likizo alizihamishia kanda zile katika kompyuta ili zisije zikapotea, na usiku, nyumba ikitulia, Bi Mkubwa huvishwa hedifoni akamsikiliza mumewe.

Palikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, nyuma ya sauti palikuwa na mvumo, na kila kipanya cha kompyuta kiliposogezwa palilia vijimlio kama vya mbu. Ya pili, maneno hayakuwa wazi. Bi Mkubwa alisema, "Namsikia, lakini ni kama aliyejiziba mdomo kwa kilemba."

Kijana akaniambia, "Baba, ni kigeuzi cha kompyuta hicho. Mjini kiko kimoja kizuri, shilingi laki saba. Kina biti 32, na vipimo vyake vyafika 768."

Laki saba katika nyumba yetu si fedha ya kupuuzwa. Ndiyo ada ya muhula ya mdogo wake. Lakini sikumkatalia, maana alilolitaka lilikuwa jema, na huenda haki ikawa upande wake. Nilimwambia, "Mwanangu, tusinunue tarakimu. Tujue kwanza maana yake, kisha tupime."

Tarakimu hizo ni mbili. Moja ni idadi ya vipimo kwa sekunde. Wataalamu wawili waliofanya kazi Marekani, Harry Nyquist kwa maandishi yake ya mwaka 1928 na Claude Shannon kwa yale ya mwaka 1949, walionyesha kwa hesabu ya kuwa mtetemo waweza kurudishwa kamili, bila ya kupungua, iwapo umepimwa zaidi ya mara mbili ya wepesi wake. Sikio zima la kijana hukomea karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kadiri mtu anavyokua ndivyo mpaka huo unavyoshuka. Kwa ajili hiyo diski za CD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, ziliwekewa vipimo 44,100 kwa sekunde, navyo vyatosha. Ile 768 ya mwanangu maana yake ni vipimo 768,000. Mwenye kuilipia ni kama mwenye kununua taa itoayo mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni.

Nyingine ni biti, nayo ni ukubwa wa tarakimu ambayo kila kipimo huandikwa kwayo. Kila biti moja huongeza desibeli 6 hivi baina ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini kabisa. Biti 16 za CD zatoa desibeli 96. Biti 32 zingetoa 192, wala hakuna kigeuzi duniani kizifikishazo, kwani umeme wenyewe una mvumo wake wa asili utokao katika joto la vyuma upitamo. Vilivyo bora kabisa hukomea karibu na 130. Na kanda ya kaseti ya kawaida? Hiyo ina desibeli 50 hadi 60 tu. Maji ya kibuyu ukiyamimina katika pipa hayazidi. Yabaki yale yale ya kibuyu.

Vivyo hivyo ndivyo ilivyo kwa visomo vya kale tunavyovipenda. Redio ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934, ilifunguliwa kwa kisomo cha Sheikh Muhammad Rifaat, aliyefariki mwaka 1950. Rekodi zilizosalia za sauti yake ni za zana za zama zile, zina mikwaruzo na milio ya juu imepungua. Anayezisikiliza hulengwa na machozi juu ya hayo yote, wala machozi yake hayangoji biti 32. Kigeuzi kikiwa chema hutoa kilichomo katika rekodi. Kisichokuwamo hakina pa kukitoa.

Zipo pia shuhuda za waliopima. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha jaribio lao katika jarida la wahandisi wa sauti. Walichukua diski zenye vipimo vya hali ya juu, wakawafanya wasikilizaji wazisikie mara nyingine kama zilivyo, na mara nyingine zimepitishwa kwanza katika kipimo cha CD, bila ya kuwaambia ni ipi. Katika majaribio 554, majibu ya sawa yalikuwa 276. Hiyo ni nusu, kama mtu aliyerusha sarafu.

Hata hivyo niliona si uadilifu kumnyima kijana kwa hoja za kitabuni peke yake. Rafiki yake alikuwa nacho kile kigeuzi cha laki saba, akatuazima kwa siku tatu. Upande wa pili nilinunua kile kidogo kuliko vyote, kijiwaya kifupi chenye kichwa cha kuchomeka katika kompyuta au simu mwisho mmoja, na tundu la hedifoni mwisho wa pili, kwa shilingi elfu thelathini. Vijiwaya hivyo vilienea hasa baada ya mwaka 2016, kampuni ya Apple ilipoondoa tundu la hedifoni katika simu zake, na kampuni nyingine zikafuata. Watu wengi huvidhani kuwa ni waya mtupu, ilhali ndani ya kile kichwa mna kigeuzi na kikuza sauti vyote viwili.

Jioni ya kwanza kila aliyesikiliza alikipenda kile cha laki saba. Lakini fundi wa redio wa mtaani kwetu, mzee mwenye busara, alikuja na mita yake akapima volti katika matundu yote mawili, akaona ya kuwa kile cha ghali kinapiga kwa sauti kubwa zaidi kidogo. "Sikio," alisema, "likipewa sauti mbili, huisifu iliyo kubwa, hata ikiwa ziada yenyewe ni desibeli moja na mwenye sikio hajui." Basi akapiga mlio mmoja usiobadilika, wa mitetemo 50 kwa sekunde, kwa kuwa mita za bei nafuu hupima vizuri karibu na mtetemo wa umeme wa majumbani, akavisawazisha vigeuzi mpaka volti zikawa sawasawa. Msomaji atakayejaribu kwake asiiache hatua hii, kwani dukani haifanywi, na hapo ndipo wengi huachia fedha zao.

Kisha tukatundika pazia. Fundi akakaa nyuma yake na vigeuzi vyote, pamoja na kompyuta yenyewe, naye akawa arusha shilingi kila mara ili sarafu, wala si yeye, ichague. Kila mara aliichomoa hedifoni na kuichomeka upya, hata kama ni pale pale, ili mkono wake usitoe siri. Tulitumia kisomo kimoja cha studio kilicho safi, si kanda za baba, ili vigeuzi vipewe kila fursa. Mwanangu alisikiliza mara 20, akakitambua sawasawa mara 11. Dada yake, mwenye miaka 15 na masikio makali kuliko sote, alipata mara 9. Kwa kubahatisha tu mtu hutazamiwa kupata 10. Angefika 15 ningesema kuna jambo, maana kubahatisha hakufiki huko isipokuwa kama mara 2 katika mia. Lakini tulipoweka kigeuzi cha ndani ya kompyuta dhidi ya kile kijiwaya, wote wawili walikitambua mara 20 kwa 20, kwa sababu ya ule mvumo na vile vijimlio vya mbu.

Hapo ndipo nilipoliona jambo lote kwa uwazi. Kasoro ya kweli haihitaji mjuzi wala tarakimu za sandukuni. Mtoto huisikia mara moja. Sehemu ya kompyuta itoayo sauti imekaa ndani pamoja na mitambo mingine yenye makelele ya umeme, na katika kompyuta yetu makelele hayo yalipenya. Kigeuzi kilipotolewa nje, yalikwisha. Basi asiseme mtu ya kuwa vigeuzi vya nje ni upuuzi; tulikihitaji, nacho kilitufaa. Ila tulichokihitaji kilipatikana kwa elfu thelathini, na juu ya hapo masikio yetu hayakupata kitu cha kununua.

Ilibaki kasoro ya pili, ile ya kilemba mdomoni. Kigeuzi cha laki saba hakikuigusa hata kidogo. Fundi akaomba aione kaseti iliyotumika kuzihamisha kanda. Akakisafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka na kutu ya miaka. Kisha akachukua bisibisi ndogo akaigeuza polepole skrubu iliyo ubavuni mwa kichwa, huku kanda ikicheza, kwani kichwa kisiposimama wima sawasawa na jinsi kanda ilivyonaswa, milio ya juu hufifia. Mara tukazisikia sin na shin zikitengana. Kijana akazihamisha upya kanda zote 14, kazi ya siku nne. Bi Mkubwa alipovishwa hedifoni alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu sasa ndiye. Hata anavyovuta pumzi ni yeye."

Mwanangu hakusema neno. Alikifungasha kile kigeuzi cha watu katika sanduku lake akakirudisha kwa mwenyewe, akaandika katika daftari lake kipimo cha kila kanda.

Ndugu msomaji, kama nawe umeulizwa nyumbani kwako, haya ndiyo ninayoyashauri.

Kwanza, isikilize kasoro kabla ya kutafuta dawa. Vaa hedifoni, usipige kitu chochote, ongeza sauti kiasi, kisha sogeza kipanya na uchomeke chaja. Ukisikia mvumo au vijimlio, kigeuzi cha nje chaweza kukusaidia. Usiposikia kitu, kile ulichonacho huenda chatosha. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Pili, zitazame hedifoni zako kabla ya kigeuzi, kwani zenyewe ndizo zitofautianazo mno kwa sauti, na fedha iliyowekwa hapo husikika. Hedifoni nyingi zina ukinzani wa omu 16 hadi 80, na kijiwaya kidogo huziendesha bila ya taabu. Nyingine, kama Sennheiser HD 600, ni za omu 300 na huhitaji volti zaidi. Hizo hutoa desibeli 97 kwa volti moja, nayo ni sauti kubwa tayari, ila mwenye kusikiliza rekodi zilizonaswa kwa sauti ndogo aweza kuhitaji kikuza sauti chenye nguvu kidogo. Hiyo ni haja ya nguvu, wala si ya biti.

Tatu, uliza ukinzani wa tundu la kifaa unachokinunua. Kanuni ya mafundi ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, tundu lisizidi omu 4. Ukizidi, sauti za chini na za juu zaweza kupotoka, maana ukinzani wa hedifoni nyingi hubadilika kwa kila mtetemo.

Nne, tengeneza chanzo. Rekodi iliyobanwa mpaka ikapoteza herufi zake haitengenezwi na kifaa chochote. Tafuta nakala iliyo bora, au kama kanda unayo, isafishie njia yake kama alivyofanya fundi wetu.

Tano, ukimwona muuzaji asiyekubali ulinganishe kwa sauti iliyosawazishwa, au akuambiaye ya kuwa sikio lako halijafunzwa, muage kwa heshima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Neno langu la mwisho ni juu ya sikio lenyewe, nalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Kifaa kikiwa safi na chenye nguvu, mtu huongeza sauti bila ya kujua, kwa kuwa hakuna mkwaruzo wa kumwonya. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa vijana zaidi ya bilioni moja, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa kusikiliza vibaya. Kipimo chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila ukiongeza desibeli 3, muda wa salama hukatika nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Simu nyingi za siku hizi zina mahali pa kuufungia mwisho wa sauti; wazee na wapafunge, na vijana wasione ni kunyimwa. Vijinywele vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na hakuna duka viuzwapo.

Nimemwona mama yangu, ambaye umri umekwisha mchukulia milio ya juu, akiinamisha kichwa kuitafuta herufi moja ya mumewe. Wenye masikio yaliyo mazima na wayahifadhi, ili siku watakapotaka kusikia sauti ya mtu wao, wawe nayo ya kusikilizia. Na kijana akija na karatasi ya bei, mzee asimkemee wala asimpe fedha upesi. Na watundike pazia, warushe shilingi, na sikio liwe hakimu baina yao.

Wassalaam.